Jiko la mjini lilikuwa la mwanamume: namna kazi "za kike" na "za kiume" zilivyobadilishana mikono

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefuatilia mijadala kadhaa humu kuhusu mgawanyo wa kazi baina ya wanawake na wanaume, na karibu kila mmoja huishia pale mchangiaji anapoandika kwamba tangu enzi za mababu jiko, ufuaji na usafi wa nyumba ni kazi za mwanamke, na kwamba mabadiliko yote tunayoyaona ni mambo ya kuiga. Naomba tuliangalie dai hilo kwa utulivu, kwa kutumia historia ya miji yetu wenyewe. Hoja yangu ni kwamba katika muda wa kiasi cha miaka mia moja kazi nyingi tunazozigawa kwa jinsia zimehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mara nyingi kilichotangulia kuhama ni malipo. Desturi ilikuja baadaye kuyahalalisha mambo yaliyokwisha kutendeka.

Aliyewahi kuingia katika nyumba za zamani za maofisa pale Oysterbay, Dar es Salaam, au Raskazone, Tanga, atakuwa ameviona vyumba vidogo vilivyojengwa nyuma ya nyumba kubwa: dirisha moja jembamba, choo cha nje, nafasi ya kitanda kimoja na sanduku. Wazee waliviita boi kota. Vilijengwa kwa ajili ya mwanamume anayeishi bila mke wake, kwa sababu mpishi, boi wa ndani, dobi na mtunza bustani wote walikuwa wanaume. Mwanamke Mwafrika aliyeajiriwa katika nyumba ya ofisa wa Kiingereza alikuwa yaya, na si kila nyumba ilikuwa na yaya. Mwanamume ndiye aliyewasha jiko la kuni alfajiri, akaoka mkate, akapika supu na nyama, akafua, akapiga pasi ya mkaa mashati ya bwana na magauni ya bibi, akatandika vitanda, kisha usiku akahudumia mezani akiwa na kanzu nyeupe na kofia nyekundu. Mtaani hakuna aliyemcheka kwa kufanya kazi za kike. Mpishi aliyekuwa na barua nzuri za waajiri wake wa awali alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye uwezo wa kukopesheka na wa kupokea ndugu zake kutoka bara. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao cha kutetea masilahi yao, jambo ambalo watumishi wengi wa nyumbani wa leo hawana hata ndoto nalo.

Kwa nini walikuwa wanaume? Sababu kubwa ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaendelea nayo, na aliyedaiwa kwa kawaida alikuwa mwanamume. Fedha taslimu zilipatikana kwa kuajiriwa shambani, bandarini, relini au jikoni kwa Mzungu. Serikali nayo iliwataka wanaume mjini na wanawake kijijini, ili mshahara uwe wa kumtosha mtu mmoja huku mke na watoto wakijilisha kwa jembe. Machifu na wazee waliunga mkono utaratibu huo kwa sababu zao, na mwanamke aliyekwenda mjini peke yake alitazamwa kwa jicho la shaka.

Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, mambo yanazidi kuwa tofauti na tunavyosimuliwa. Katika nyumba za matajiri wa Unguja na mwambao, kazi za kupika, kuchota maji na kufua zilifanywa na watumwa, wake kwa waume. Mwanamke mwungwana wa nyumba kubwa hakwenda kisimani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909, na Tanganyika utumwa ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1922. Maana yake ni kwamba, kwa baadhi ya mababu zetu tunaowataja kila siku, swali la nani afue lilijibiwa kwanza kwa kuuliza huyu ni mwungwana au ni mtumwa, kabla ya kuuliza ni mwanamke au ni mwanamume.

Mabadiliko ya pili yalikuja baada ya uhuru. Wazungu wengi waliondoka, nafasi za maofisini na viwandani zikafunguka, kima cha chini cha mshahara kikapandishwa, na mwanamume mwenye uwezo wa kuchagua aliona afadhali kiwanda cha nguo kuliko jiko la mtu. Wakati huohuo wanawake wenye elimu walianza kuajiriwa kuwa walimu, wauguzi, makarani na makatibu muhtasi, hivyo mahitaji ya nyumba yakabadilika: aliyetafutwa sasa ni mtu wa kulea mtoto na kuangalia nyumba kuanzia asubuhi hadi jioni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwishoni mwa muongo huo mabinti wengi walimaliza darasa la saba huku nafasi za sekondari zikiwa chache mno. Hali ya uchumi ilipoharibika katika miaka ya 1980, mfanyakazi wa serikali ambaye mshahara wake haukufika katikati ya mwezi aliweza kumlipa binti wa miaka 15 kutoka Iringa, Singida au Dodoma, lakini hakuweza kumlipa mpishi mwenye barua za sifa. Kazi ikashuka thamani, ikashuka heshima, ikawa ya wasichana. Haikuchukua hata kizazi kimoja kizima watu wakaanza kusema imekuwa hivyo tangu zamani.

Baada ya kuliona hilo, nilianza kuziona kazi nyingine kwa namna ileile. Kutwanga mahindi kwenye kinu ni kazi ya mwanamke. Mashine ya kusaga ilipoletwa kijijini, aliyeajiriwa kuiwasha na kupokea fedha alikuwa mwanamume. Kubeba ndoo ya maji kichwani ni kazi ya mwanamke. Maji hayohayo yakipakiwa kwenye madumu juu ya mkokoteni ili yauzwe, anayesukuma ni kijana wa kiume. Kuni za nyumbani huokotwa na mama, ilhali mkaa wa kuuza huchomwa na baba. Tembea jioni katika mtaa wowote wa Dar es Salaam utakuta mama lishe amekwisha kuosha masufuria yake ya wali na maharage, na hatua chache kutoka hapo kijana wa kiume amesimama mbele ya karai la mafuta, anamenya viazi, anakaanga chipsi, anapiga mayai, anageuza mishikaki. Moto ni uleule na upishi ni uleule. Wateja wa chipsi hulipa zaidi kwa sahani moja, biashara hufanyika usiku, na mtaji wake ni mkubwa kidogo, na hayo yametosha kumfanya mwanamume asione aibu yoyote kushika mwiko hadharani.

Karibuni tujadili, na anayepinga aje na mifano.

Nahodha

Ndugu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru kwa maandishi yaliyopangika, lakini naona umelipita jambo kubwa. Mpishi huyo unayemsifu alipika kwa Mzungu. Aliporudi kwake Ilala au Kariakoo siku ya mapumziko hakushika mwiko. Aliketi barazani akapikiwa. Kwa hiyo desturi ilikuwapo siku zote, naye aliivunja kwa mwajiri kwa sababu ya dhiki ya kodi, kisha akairudia mlangoni kwake. Mtu akifanya jambo kwa shida, hilo halifuti utaratibu wake wa asili.

Pia sisi tuliokulia katika malezi ya dini tunajua kwamba mume amebebeshwa wajibu wa kumlisha mkewe, kumvisha na kumpa makazi. Wajibu huo haukuletwa na Mjerumani wala Mwingereza. Ukisema kila kitu kimeletwa na fedha, unawafanya wazee wetu waonekane kama watu wasiokuwa na msimamo wowote.

Mwana wa Mvita

Ndugu Nahodha, nakuheshimu, ila hapo kwenye dini ongeza na nusu ya pili. Kweli mume ana wajibu wa matumizi. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao wote huu kuanzia Lamu hadi Kilwa, wanazuoni wengi wamesema kupika na kufua si wajibu wa kisheria wa mke. Akifanya ni ihsani yake na mwenendo mwema wa nyumba. Mambo haya husomwa darasani misikitini. Yanayosemwa barazani ni mengine.

Na kuhusu upishi wenyewe, njoo Mombasa siku ya harusi. Pilau na biriani ya watu mia tano hupikwa uani au uchochoroni na wapishi wanaume, kwa masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua, wakikoroga kwa miko mirefu kama makasia. Wanawake wa nyumba hukaa upande wa pili wakichagua mchele, wakimenya thomu na viazi. Wapishi hulipwa kwa makubaliano na wana majina yao mjini. Waliomenya thomu tangu jioni ya kuamkia harusi hupewa sahani ya pilau na shukrani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini leo jiko limekuwa la wanaume.

Nairobi nayo ilikuwa na historia inayofanana na ya Dar es Salaam. Tangu karibu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kubeba kipande kilichoandikwa habari za ajira yake, na wengi waliokibeba katika mitaa ya Wazungu walikuwa watumishi wa majumbani. Mabibi zetu hawakupewa kipande kwa sababu hawakutegemewa kuwa na mwajiri. Leo ukitaja kazi hiyo Nairobi, picha inayokuja kichwani mwa kila mtu ni ya msichana.

Karani Mstaafu

Ndugu Nahodha, pingamizi lako ni zuri na limenisaidia kuisema hoja yangu vizuri zaidi. Ni kweli kabisa kwamba mpishi hakupika kwake. Lakini tuliangalie hilo kwa makini: mikono ni ileile, ujuzi ni uleule, na sufuria ya kwake ni ndogo kuliko ya mwajiri. Kilichotofautiana ni kwamba upande mmoja alilipwa na upande wa pili asingelipwa. Ingekuwa kupika kunamvunjia mwanamume heshima kwa asili yake, kungemvunjia kotekote. Kwa hiyo mpaka uliochorwa haukutenganisha kupika na kutopika. Ulitenganisha kazi yenye ujira na kazi isiyo na ujira, kisha ile isiyo na ujira ikakabidhiwa mke na kuitwa tabia yake.

Sisemi wazee wetu hawakuwa na msimamo. Walikuwa na msimamo thabiti juu ya heshima. Heshima yenyewe ndiyo iliyokuwa ikihamahama, na kila ilipohama walihama nayo.

Bint Makunduchi

Asalaam alaykum. Nimelazimika kuingia kwa sababu mleta uzi ametaja kila kitu isipokuwa bahari, na baharini ndiko ushahidi ulikolala.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, maeneo ya Paje na Jambiani, kikaenea hadi kwetu na hadi Pemba. Mwanzoni wanaume nao walijaribu. Kazi yenyewe ni hii: maji yakitoka wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukauka kuliko kawaida, unashuka pwani na vigingi, unavipigilia mchangani, unafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba umekwisha kufunga vipande vya mbegu kwa vijikamba vidogo, kimoja kimoja. Unainama tangu maji yanapotoka hadi yanaporudi, jua la utosini, maji ya chumvi yanakula vidole. Baada ya kiasi cha wiki sita unavuna, unabeba magunia yaliyolowa maji, unaanika, unageuza, unauza kwa kilo. Bei ya mwani wa aina ya spinosamu kwa miaka mingi imekuwa shilingi mia chache tu kwa kilo iliyokauka, yaani baada ya kubeba uzito mara nyingi zaidi ya huo ukiwa mbichi.

Wanaume walipopiga hesabu walirudi kwenye uvuvi, ujenzi na mahoteli ya watalii, na leo zaidi ya asilimia 80 ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake. Sasa kaa kitako kwenye maskani yoyote uulize kwa nini wanaume hawalimi mwani. Utaambiwa mwani unataka uvumilivu na vidole vyepesi, sifa alizojaaliwa mwanamke. Mimi nimewaona wanaume hao hao wakishona nyavu kwa sindano siku nzima bila kunyanyua kichwa, kwa hiyo habari ya vidole na uvumilivu naomba waichukue wakaihifadhi.

Pweza ni kisa cha upande wa pili. Mabibi zetu walikwenda mwambani maji yakitoka, wakiwa na kijiti, wakijua kila shimo. Alikuwa kitoweo, akizidi anauzwa kwa majirani. Wanunuzi walipoanza kufika na barafu kununua pweza wa kusafirishwa nje, bei ikapanda, na vijana wa kiume wakaingia na miwani ya kuzamia na mishale. Wao humfuata pweza kwenye maji marefu wakati wowote, ilhali mwanamke husubiri bamvua. Mama anafika mwambani anakuta mashimo matupu. Kwa hiyo kwa pweza, fedha ilipokuja wanaume walikuja nayo. Kwa mwani, fedha ilipokataa kupanda wanaume waliondoka. Vyote viwili vimetokea kijiji kimoja, katika umri wa mtu mmoja.

Hata hivyo sitaki kuacha picha ya huzuni tupu. Fedha ya mwani, ndogo ilivyo, ilikuwa ya kwanza kwa wanawake wengi wa mashamba kuishika wenyewe bila kumwomba mtu. Iliwanunulia watoto sare za shule, iliwanunulia mama zao vitanda na makabati, na wengine iliwaezekea nyumba mabati. Mume aliyekuwa akitoa amri zote nyumbani alijifunza kuuliza.

Wakili wa Kata

Nichangie upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu sheria zetu zimebeba nyakati mbili kwa pamoja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilikuwa ya kimaendeleo kwa wakati wake. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Lakini kifungu cha 63 cha sheria hiyohiyo kinamfanya mume kuwa mwenye wajibu wa kumtunza mke, na mke hubeba wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki, kwa mfano kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Kwa hiyo Ndugu Nahodha ana msaada wa sheria ya nchi katika hoja yake kuhusu mume kuwa mlishaji, na kwa wanawake wengi kifungu hicho bado ni kinga ya kweli mahakamani.

Suala lililosumbua mahakama kwa muda mrefu lilikuwa la kifungu cha 114, kinachohusu mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Je, mke ambaye hakuwa na ajira, aliyepika, kufua na kulea kwa miaka yote ya ndoa, amechangia kuchuma? Majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaostahili kuhesabiwa. Huo ndio msingi tunaoutumia hadi leo.

Watu wengi wanaoitaja hukumu hiyo husahau mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara kwa ajili ya familia, naye akazitumia ovyo. Kanuni aliyoishindania imewafaa maelfu ya wanawake waliokuja baada yake, na yeye akaondoka mikono mitupu. Nikiwaeleza wateja wangu habari hiyo, baadhi hudhani natania.

Kuhusu ajira ya nyumbani aliyoifungulia uzi Ndugu Karani: amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi anayeishi ndani ya nyumba ya mwajiri wa kawaida, kiwango cha chini kuliko sekta nyingine zote zilizotajwa kwenye amri ile. Inakubaliana na hoja yake kwamba kazi hii ilikwisha kushushwa.

Dada wa Temeke

Shikamoo Mzee Karani. Nina maswali mawili ambayo naona nadharia ya malipo haiyajibu kirahisi.

La kwanza ni Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mabinti kutoka huku kwetu na kutoka Kenya wanakwenda kufanya kazi za nyumbani kule kwa mshahara unaozidi mara kadhaa wa hapa, na wengi hukutana na mateso ambayo sote tumeyasikia. Kama fedha ikipanda wanaume huichukua kazi, mbona hii hawajaichukua?

La pili ni siasa. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, katika kikundi cha Bomba hapa Dar es Salaam. Alijiunga na TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, na kwa kupitia vikundi vya ngoma aliwaingiza wanawake kwa maelfu katika chama. Hakuna aliyemlipa. Alivunja desturi ya mwanamke kutohutubia hadhara ya wanaume, na alivunja kwa imani na kipaji chake. Huko fedha iko wapi? Naona kuna hatari ya kuwanyima watu kama yeye sifa yao kwa kusema kila badiliko ni hesabu ya soko.

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Maswali yako yana uzito, na la pili sitalimaliza.

Kuhusu Ghuba, nadhani tusilinganishe mshahara wa binti huyo na wa Temeke. Tuulinganishe na mishahara ya huko anakokwenda. Katika nyumba ile anayoifanyia kazi yeye ndiye wa chini kabisa, hakuna mwenyeji anayeitaka nafasi yake, na mwajiri ndiye anayeamua kuagiza mwanamke. Vijana wetu wa kiume wanaokwenda hukohuko huagizwa kuwa madereva na walinzi. Mpishi wa Oysterbay wa mwaka 1950 alikuwa katika moja ya kazi chache za fedha zilizokuwapo mjini kwa mtu wa aina yake. Binti wa Muscat yuko kwenye ngazi ya mwisho ya mji wenye kazi nyingi. Kwa maneno mengine, naona uzito uko kwenye cheo cha kazi mahali inapofanyika, na hapo nakubali kwamba niliandika "malipo" kwa upana kupita kiasi.

Kuhusu Bibi Titi, kwanza heshima yake ibaki palepale. Mtu mwingine katika mazingira yale angeweza kukaa nyumbani, na wengi walikaa. Lakini kuna jambo linaloeleza kwa nini mlango ulikuwa wazi kwa wanawake wakati ule. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Wanaume wengi waliosoma walikuwa makarani na walimu wa serikali, na kadi ya chama ingewagharimu kibarua. Wanawake wa Kariakoo na Ilala walikuwa wauza maandazi, wenye nyumba za kupangisha, viongozi wa ngoma. Hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Walibeba hatari ambayo wanaume wenye ajira waliiogopa. Uhuru ulipopatikana na siasa ikawa na mshahara, gari na nyumba, waliojaa kwenye viti walikuwa wanaume, naye Bibi Titi akapoteza kiti chake cha ubunge cha Rufiji mwaka 1965. Zilikuwapo sababu nyingine katika kushindwa kwake, na sipendi kuzipunguza zote hadi kuwa moja. Kuhusu ujasiri wa mtu mmoja mmoja, nadharia yangu haina la kusema, nami sidai kwamba inalo.

Nahodha

Mzee Karani, nimekuelewa zaidi kuliko mwanzo, ingawa bado sijahama nilipo. Nauliza hili: ikiwa kazi hufuata ujira na cheo, basi kazi za nyumbani zisizo na ujira hazitabadilika kamwe, kwa sababu hakuna atakayezilipia. Mbona basi naona vijana wa leo wakibeba watoto kliniki, wakifua, na wengine wakipika mbele ya wageni bila haya? Mwanangu mwenyewe hufanya hivyo na hakuna anayemlipa.

Wakili wa Kata

Nadhani sehemu ya jibu iko kwenye mshahara wa mke wa mwanao, Ndugu Nahodha, kama anao. Nyumba inayoendeshwa kwa mishahara miwili ina mazungumzo ambayo nyumba ya mshahara mmoja haina. Ila sheria ya kazi bado haijamfikia mwanao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa siku 3.

Nahodha

Anao. Ni mwalimu, na kwa kweli mshahara wake ndio unaofika kwa tarehe.

Bint Makunduchi

Narudi kwa jambo moja ambalo bado linaendelea kwetu, ili wanaojadili wasidhani haya yote ni historia.

Bahari imepata joto, na mwani wa aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, hufa kwenye maji mafupi tunakolima. Wataalamu wanashauri uhamishiwe maji marefu, kwenye kamba zinazoelea. Huko hakufikiki kwa miguu. Kunahitaji boti na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa umri wangu hatukufundishwa kuogelea ingawa tumezaliwa hatua chache kutoka ufukweni. Kaka zetu walijifunza wakicheza huku sisi tukiitwa kuchagua mchele. Tangu habari ya bei ya kotonii ilipoenea, wanaume waliokuwa wakiucheka mwani wameanza kuulizia mbegu.

Baadhi yetu tumeanza kujifunza kuogelea ukubwani, na vikundi kadhaa vimenunua boti kwa kuchangishana. Katika kikundi chetu mvutano uliopo ni juu ya nahodha. Wapo wanaotaka tumwajiri mwanamume kwa ujira wa siku, na wapo wanaosema akishika usukani leo, keshokutwa atashika na daftari la mauzo. Kura itapigwa bamvua likiisha.